Pole ni Neno la Wageni

Bruda Gaudensi Lihawa alifundisha shule ya msingi ya Mtangara, huku ukingoni mwa delta ya Rufiji, kwa miaka ishirini na ushei, na katika miaka yote hiyo hakubatiza hata paka. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo watu Kibiti mpaka leo wanaoapa kwamba alitumwa kuja kutubadilisha dini. Atubadilishe vipi? Mwenyewe hata padri hakuwa. Alikuwa bruda tu, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, na kanzu yake ya kahawia iliyochujuka kwa kufuliwa na maji ya chumvi, na kiunoni mshipi wa katani wenye mafundo matatu: fundo la ufukara, fundo la useja, fundo la utii. Kila mwaka watoto wa darasa la kwanza walimuuliza maana ya mafundo yale, na kila mwaka aliwaeleza kwa subira ileile, nao wakaenda kuwasimulia mama zao kwamba mwalimu amejifunga kamba asije akaoa.

Ijumaa aliwafungulia watoto mapema wakaswali. Jumapili alipanda baiskeli kwenda Kibiti, kwenye kijumba cha shirika, akasali na Padri Sikstusi, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwao ni Mahenge, mbali huko milimani, na wazazi wake walishakufa. Mke hana, mtoto hana. Nyumba ni ya serikali, baiskeli ni ya shirika. Kitu chake mwenyewe hapa duniani, ambacho hakupewa na askofu wala afisa elimu, kilikuwa kimoja tu. Alikuwa na mtani.

Mtani huyo ni Sadala Mbonde, mvushaji. Sadala alikuwa Mmatumbi aliyeshuka kutoka vilima vya kusini akiwa kijana, akaoa hapa, akachonga mtumbwi, na kila asubuhi aliwavusha watoto wa ng'ambo kuja shule. Siku Bruda alipofika Mtangara mara ya kwanza, kabla hajatua hata sanduku, Sadala alimwuliza kabila lake. Akasema Mpogoro. Ala! Sadala akamvua kofia palepale, akaivaa yeye, akawatangazia watu: "Jamani, mtumwa wangu amerudi! Alinitoroka zamani, leo kajileta mwenyewe."

Mgeni mwingine angenuna. Bruda akamjibu, "Nimerudi kudai. Nyie ndio mliotuuzia maji."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kila mtu hapa anajua habari ya maji yale. Zamani za vita vya Mjerumani, dawa ilitoka huku kwetu ikapelekwa Mahenge, wakaambiwa Wapogoro risasi itageuka maji. Wakalikimbilia boma la Mjerumani na imani yao kifuani. Babu yake Bruda hakurudi. Na ndiyo maana ya utani: jambo ambalo lingewafanya watu wachinjane, linafanywa la kuchekwa. Mtani anakutukana usikasirike, anakunyang'anya kuku usiseme, anakutangazia kifo ungali mzima. Na ukifiwa kweli, yeye ndiye anayekuja kukuvunjia kilio chako kwa mzaha, hata mbele ya jeneza, mpaka ucheke na machozi yako usoni. Mgeni anasema pole. Mtani hasemi pole. Pole ni neno la wageni.

Basi wakaishi hivyo. Kila asubuhi mtumbwi ukikaribia gati, Sadala alipaza sauti: "Gaudensi! Nimesikia umekufa!"

"Nimekufa, nangoja sanda uilete!"

"Sanda ya nini, na kanzu hiyo? Utazikwa nayo, funza wenyewe wataikimbia!"

Siku nyingine alimwambia shule imeungua. Siku nyingine mamba kamla mwalimu mkuu. Siku moja alimpigia kelele kwamba Papa wa Roma amefariki na urithi wote ameachiwa Bruda wa Mtangara, ila kwa sharti aoe wake wanne. Mkewe Sadala, Mwanamina, naye hakubaki nyuma. Akipika wali wa nazi na samaki alifunika sahani kwa kawa, akasema, "Mpelekeeni yule mume wangu mwenza asiyejua kuoa." Bruda alikula, akarudisha sahani na ujumbe kwamba wali umeungua na anataka talaka.

Nakwambieni, mtu yule alikuwa na furaha. Hata Padri Sikstusi alishangaa, akamwuliza anapata wapi uchangamfu katika upweke ule. Bruda akasema, "Upweke gani, Padri? Mie kule natukanwa kila siku."

Kisha zikaja enzi za ruksa. Dukani ikarudi sabuni, ikarudi sukari, kanga mpya zikaja, mitumba ikamwagwa sokoni Kibiti kwa marobota. Tulifurahi, sitaki kusema uongo. Lakini ushirika ukafa, na boti la kijiji lenye injini, ambalo kila mwaka liliwavusha watoto wa darasa la saba kwenda kufanyia mtihani shule kubwa ya ng'ambo nyingine, upande wa njia ya Nyamisati, likauzwa. Alilinunua Muhidini, mfanyabiashara wa kambamiti, bwana mmoja mwenye masanduku ya barafu na miwani ya jua. Wavulana wa darasa la sita na la saba wakaona mwenzao akishinda matopeni na wavu anarudi na redio, basi nao wakashuka matopeni. Bruda alizunguka nyumba hadi nyumba kuwabembeleza wazazi. Walimkaribisha vizuri, wakamsikiliza vizuri, na kesho yake dawati likawa tupu vilevile. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Darasani akabakiwa na wachache, wengi wao wasichana, na mbele yao wote alikuwa Yasmini, bintiye Sadala. Huyo mtoto alikuwa na akili ya kutisha. Hesabu alizifanya akiwa anasuka ukili. Mtangara haikuwa imewahi kupeleka mtoto sekondari, hata mmoja, tangu shule ijengwe, na Bruda alishajiambia kwamba akimpeleka huyu, basi hata akifa hajaishi bure. Sadala mwenyewe alikuwa akitaka kuliko yeye, ila hakulisema wazi. Alisema, "Mpogoro, nakupa binti yangu umfundishe, kwa sababu wewe huna wako wa kumharibu."

Mwaka huo wa tisini na moja mtihani ulikuwa wa asubuhi, na walimu wote wasimamizi walitakiwa kulala kituoni siku moja kabla. Kwa hiyo watoto wangekuja peke yao kesho yake, na chombo kilichobaki kijijini cha kuwavusha kilikuwa mtumbwi wa Sadala. Vingine vyote vilikuwa vikimfanyia Muhidini kazi ya kambamiti.

Alasiri ile Bruda alikuwa amefunga kibegi chake, ameshaomba lifti kwenye boti la Muhidini, na injini ilikuwa inanguruma kule gatini. Sadala akaja shuleni kwa miguu. Hili mlishike. Katika miaka yote hiyo Sadala hakuwahi kupanda ngazi za shule. Utani wake aliutupa kutoka majini. Siku ile alipanda, akasimama mlangoni na shati kalishika mkononi.

"Mpogoro," akasema, "mtumbwi umekufa. Ufa umefika chini kabisa. Kesho nitakuzamishia darasa lako lote."

Bruda akacheka. Angefanyaje? Alishaambiwa amekufa yeye, ameungua, ameliwa. Akafunga kibegi, akasema, "Zamisha tu! Maji si ndiyo kazi yenu? Babu zetu mliwazamisha Mahenge kwa kibuyu, sembuse wajukuu mtoni! Ila nakukabidhi, mtumwa wangu. Watoto wa watu ni amana. Akipungua mmoja wa watu nitakudai mbele ya Mungu."

Sadala naye akacheka, maana mtani akipigwa ni sharti acheke. Kisha akafungua kinywa. "Sikiliza, Gaudensi, u..." Na kule gatini Muhidini akaanza kuita kwamba maji yanapwa, anaondoka, asiyekuja abaki. Bruda akampiga mtani wake kofi la bega, akateremka ngazi mbio na kanzu kaikunja mkononi.

Kwetu hapa mtani akitaka kusema la kweli hutanguliza maneno mawili: utani kando. Ukishasikia hayo unaketi, unasikiliza. Je, Sadala alikuwa anataka kuyasema? Ile u ilikuwa ya utani kando, au alitaka kusema usisahau, au usiku mwema, au ujinga mwingine wowote? Bruda alilipeleka swali hili kitandani kila siku ya maisha yake, na akaamka nalo.

Sadala kwa upande wake aliona ameshasema. Akajua mwenzake anapanda boti la Muhidini, atamwomba Muhidini arudi asubuhi awachukue watoto. Kwa hiyo asubuhi alikaa gatini akingoja mlio wa injini. Watoto wakaja, wamefuliwa sare, wamepakwa mafuta mpaka kwenye magoti, kila mmoja na kalamu. Injini haikulia. Maji yakaanza kupwa, na yakishapwa mto ule hauvukiki, unabaki tope la kiunoni. Watoto wakaanza kulia kwamba wanachelewa. Sadala akaziba ufa kwa kalafati ya pamba, akashindilia, akasema Bismillahi, akapakia nusu yao, akawavusha salama.

Yasmini alikuwa wa kwanza kufika gatini, na angeweza kupanda wa kwanza. Lakini alilelewa na Mwanamina. Mwenye chombo hupanda mwisho. Akasubiri safari ya pili.

Katikati ya mkondo, maji yakikimbilia baharini, kalafati ikang'oka na mtumbwi ukafunguka. Watoto wa delta wanajua kuogelea, lakini mkondo wa maji ya kupwa hauogelewi. Uliwasukuma kwenye mizizi ya mikoko. Sadala alimshika aliyekuwa karibu, akampeleka kwenye mizizi. Akarudi, akamshika mwingine. Yasmini alikuwa ameshika ubao uliovunjika, anamwita baba. Sadala alimpita. Akamchukua mtoto wa watu aliyekuwa nyuma yake, kwa sababu wale walikuwa amana, na wake alikuwa wake. Aliporudi mara ya mwisho, ubao ulikuwapo.

Kule kituoni Bruda alikuwa amesimama dirishani. Aliwaona nusu ya kwanza wakiingia, akawahesabia viti, akawa na hasira kidogo kwamba Yasmini anachelewa siku ya leo. Karatasi zikagawiwa. Mvuvi mmoja akaja mbio mpaka mlango wa darasa, akasema kwamba Sadala amezamisha watoto.

Na Bruda, Mungu amsamehe, alitabasamu. Mdomo ulishazoea.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usemi huu tunausema kila siku, tunawasemea watoto wakicheza na moto. Siku ile nilimwona mtu ambaye ulimpata mwilini.

Boti la Muhidini ndilo lililomrudisha Mtangara adhuhuri, maji yalipojaa tena. Bwana yule alilitoa palepale, bila maneno, akaliendesha mwenyewe, akavua na ile miwani. Angeombwa jana yake, angelitoa vilevile. Bruda aliketi katikati ya masanduku ya barafu akilijua hilo.

Watoto wa watu walipona wote. Yasmini alipatikana mchana, akaoshwa, akazikwa alasiri. Jeneza lilipotolewa nje watu wakasimama, na macho yote yakaenda kwa Bruda. Katika Mtangara yote Mpogoro alikuwa yeye peke yake. Kwa msiba wa mtoto mtani hafanyi makubwa, hamwigizi marehemu wala halali njiani kuzuia jeneza. Lakini lazima afanye kitu. Angemvuta Sadala sikio. Angesema, "Mtumwa wangu, leo umepata sababu ya kutonivusha." Neno moja tu, hata baya, hata la kipumbavu, ili kifua cha baba kifunguke na watu wajue kwamba baina ya hawa wawili bado pako vilevile, kwamba hili nalo litaingizwa kwenye hesabu ya maji, litachekwa siku moja huko mbele.

Sadala aliinua uso akamtazama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jeneza na niliuona uso ule. Haukuwa na lawama. Ulikuwa unangoja.

Bruda akafungua mdomo. Kila neno alilolipata lilikuwa la maji. Miaka yote utani wao ulikuwa wa maji na vifo, hawakuwa na mwingine. Akaushika mshipi wake kwa mikono miwili, akasema, "Pole, Sadala."

Lahaula!

Sadala akateremsha uso. "Ahsante, Mwalimu," akasema.

Kuanzia siku ile hakumwita tena Mpogoro, wala mtumwa, wala Gaudensi. Mwalimu. Kwa adabu kabisa. Hakumsema kwa watu, hakumpeleka popote, na afisa mmoja alipokuja kuuliza, Sadala mwenyewe ndiye aliyesema ni kazi ya Mungu na Mwalimu hana kosa. Mtumbwi hakuchonga tena. Alikwenda kumbebea Muhidini masanduku. Asubuhi akipita mbele ya shule alisema, "Habari za asubuhi, Mwalimu," akapita. Mwanamina aliendelea kupeleka wali siku za sikukuu, sahani imefunikwa vizuri, na mtoto aliyeuleta alisema, "Mama anasema karibu chakula." Basi. Bruda aliula, akarudisha sahani na ahsante.

Kati ya waliofanya mtihani siku ile hakuchaguliwa hata mmoja. Mwaka uliofuata darasa la saba lilikuwa na watoto wa kujaa benchi moja. Wazazi wa ng'ambo hawakuleta tena watoto, na nani angewalaumu?

Kwa Padri Sikstusi alikwenda kuungama. Alieleza yote, kicheko, kibuyu cha Mahenge, ile u iliyokatika. Padri akamsikiliza, akamwambia, "Bruda, hukukusudia. Hapa hapana dhambi."

"Basi nipe malipizi hivyohivyo."

"Siwezi kukupa malipizi ya dhambi ambayo hukuitenda."

"Kwa hiyo nirudi nayo?"

Bruda akapanda baiskeli, akarudi nayo.

Mara moja alijaribu. Ilikuwa mwaka mzima umepita, Sadala anatoka gatini na sanduku begani, na Bruda alisimama kwenye ngazi za shule, akavuta pumzi, akapaza sauti ileile ya zamani: "Mtumwa wangu! Nimesikia umekufa!"

Sadala akasimama. Akalitua sanduku, kwa heshima, kwa sababu si vizuri kumjibu mwalimu na mzigo begani. "Bado, Mwalimu," akasema. "Namshukuru Mungu." Akaliinua, akaenda zake.

Wakuu wa shirika waliandika arudi Mahenge, apumzike, ana umri sasa. Mtu aliyefunga fundo la utii hasemi hapana, na yeye hakusema. Aliomba mwaka mmoja. Kisha akaomba mwingine. Walidhani anaipenda shule, na shule yenyewe ilikuwa imebaki paa linalovuja na watoto wadogo wanaokuja siku za uji. Nami nawaambia alikuwa anangoja tusi. Tusi moja tu kutoka kwa Sadala, hata dogo, angefunga kibegi chake kesho yake. Alizeeka akilingoja. Meno ya mbele yakamtoka, na nilijisemea, yarabi, kuna mtu anatembea na pengo namna ile na Mmatumbi anampita asimcheke.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya tisini na saba iliyovuka mpaka tisini na nane. Mto ukapanda, mpunga ukaoza mashambani, watu wakala mizizi. Sadala akashikwa na homa. Bruda alikwenda kumtazama, akavuka maji ya magotini na vidonge vya dukani kwenye mfuko wa kanzu. Alimkuta kwenye kitanda cha kamba, amebaki mifupa. Mwanamina akamsogezea kigoda, akatoka.

Bruda akaketi. Akasema, "Utani kando, Sadala."

Sadala akafumbua macho.

"Siku ile, pale mlangoni. Ulitaka kuniambia utani kando?"

Nje mvua ilikuwa ikipiga makuti. "Siku ipi, Mwalimu?" akauliza.

Bruda akainuka, akaviweka vidonge juu ya kigoda, akaaga.

Sadala alifariki juma lile. Asubuhi ya mazishi mvua ilikatika, na watu walikuja wengi kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa watu. Jeneza likatolewa, likainuliwa mabegani, na hapo ndipo Bruda Gaudensi alipotoka kwenye umati. Alikuwa amevaa kofia ya Sadala kichwani. Kofia kuukuu ya ukindu, ile ya kuvushia, sijui aliipata wapi. Akatembea mpaka katikati ya njia, mzee wa watu, na kanzu yake ya kahawia imelowa mpaka kiunoni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Huyu ni mtumwa wangu! Anatoroka tena! Sadala, amka, mwizi wewe, una maji yetu! Babu yangu anayadai! Utaondokaje na hujanivusha?"

Akaanza upya. "Utaondokaje..."

Waliobeba jeneza walisimama. Walitazamana. Vijana wengi hawakuwa wakijua kama hawa wawili waliwahi kuwa watani; walimjua mwalimu mkimya anayesalimiwa kwa adabu. Wazee tuliojua tulitazama chini. Ilikuwa haki yake, na hakuna aliyeweza kumwambia aondoke. Lakini utani unataka mwenye msiba aucheke, na hapakuwa na wa kucheka. Mtoto mmoja tu, mdogo, pembezoni, alicheka kwa kuona mzee amevaa kofia iliyokaa upande, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Bruda alikuwa bado amenyoosha mikono. Macho yake hayakuwa kwenye jeneza. Yalikuwa kwenye mlango wa nyumba, kwa Mwanamina, maana aliyebaki wa kumjibu alikuwa ni yeye. Angesema, "Tuondokee hapa, mume gani usiyejua hata kuoa!" Angesema hata mshenzi wewe. Ingetosha.

Mwanamina alikuwa kizingitini, amejifunika kaniki mpaka kwenye paji la uso. Alimtazama. Nadhani alilitafuta. Wallahi nadhani mama yule alilitafuta lile neno, kwa sababu midomo yake ilicheza. Lakini miaka saba ni mingi, na alichokitoa kilikuwa cha upole mtupu.

"Mwalimu," akasema, "tunashukuru umefika. Tupishe tumzike."

Bruda akashusha mikono. Akaivua kofia, akatazama pa kuiweka, hakupaona, akaishika kifuani. Akasogea kando ya njia, kwenye majani yaliyolowa, na jeneza likapita mbele yake.

"Poleni," akasema.

"Ahsante, Mwalimu," wakamjibu waliokuwa nyuma.